Kiangazi cha Enos Wragg

Jumatatu, 3 Mei 1852

Mvua asubuhi, mawingu mchana. Daktari alisema mapafu yangu yanahitaji hewa, mhariri akasema gazeti linahitaji mtu wa kriketi, na kwa kauli hizo mbili nimeondolewa kwenye uandishi wa habari za mahakamani baada ya miaka ishirini na minane, nikawekwa ndani ya hema linalovuja pembeni ya uwanja wa kijiji cha Ollersby. Silalamiki. Mwezi wa pili nilikuwa kitandani na watu walikuwa wakinong'ona mlangoni kwangu. Leo nimepanda kilima cha kanisa nikipumzika mara tatu tu.

Hapa wanacheza Jumatatu. Wanaume wa Ollersby karibu wote ni wafumaji wa soksi, na mfumaji hagusi mashine Jumatatu. Wanasema ni siku ya mtakatifu wao, ingawa kasisi hajawahi kumsikia mtakatifu huyo.

Mchezo wenyewe siujui vizuri, kwa hiyo nafanya nilichokuwa nikifanya mahakamani: nanakili hati. Hati ni daftari la Jabez Pell, karani wa mchezo kwa miaka thelathini. Ana umri wa miaka sabini na moja, mwandiko wake umesimama wima kama uzio, na vijiji vingi vinavyokuja kucheza hapa haviji na karani. Wanaiamini kalamu ya Pell kuliko macho yao. Aliniuliza jambo moja tu, kama nina tabia ya kuongeza maneno. Nikamwambia sina. Akanisogezea kigoda.

Ollersby mikimbio 74 (ndivyo wanavyoziita alama), Hale 61.

Ijumaa, 7 Mei

Ripoti yangu imechapwa gazetini, nusu safu. Nimelinganisha na daftari neno kwa neno. Hakuna kosa.

Jumatatu, 10 Mei

Mvua. Uwanjani kondoo peke yao.

Jumatatu, 17 Mei

Jua. Nimejifunza njia mbili ambazo mpigaji hutolewa. Mrushaji akiviangusha vile vijiti vitatu vilivyo nyuma ya mpigaji, mpigaji ametoka. Mpigaji akiupiga mpira ukapaa, na mtu akaudaka kabla haujagusa nyasi, ametoka pia. Zipo njia nyingine, lakini kwa Ollersby hizo mbili zinatosha, na ile ya pili ndiyo mkate wao.

Mrushaji wao ni Enos Wragg, mfumaji, miaka thelathini na minne, mwembamba, ana mabega ya mtu aliyekaa ameinama tangu utoto. Kila mrushaji niliyemwona hukimbia na kuvurumisha. Wragg hutembea hatua nne, huinamisha goti, na kuuachia mpira kutoka chini ya mkono, polepole, juu sana, kama mtu anayemtupia jirani yake kitunguu juu ya ua. Mpigaji ana muda wa kufikiri, na hapo ndipo anapoharibikiwa. Kila mtu anaamini ataupiga mpira ule mpaka kanisani. Anaupiga, unapaa, na chini yake amesimama mtu.

Mara nyingi mtu huyo ni Gadsby, mwoka mikate, mnene, ambaye hakimbii kamwe. Leo amedaka minne. Nahodha, Hosea Clamp mwenye bucha, alimwambia kwamba ni tumbo lililodaka, mikono ilifika baadaye kutoa pongezi.

Mchana, Kezia, mke wa Wragg ambaye pia ni binti wa Pell, alikuja hemani na andazi la nyama ya nguruwe. Alimkatia baba yake, kisha mimi. Nilimwambia mimi si wa timu. Akasema mtu anayekohoa vile ni wa yeyote mwenye chakula. Nilikula nikashiba, na usiku sikukohoa. Nashukuru kwa yote mawili.

Jumatatu, 24 Mei

Mvua tena.

Jumatatu, 31 Mei

Ushindi. Asubuhi, kabla ya mchezo, nilikwenda kwa Wragg kurudisha sahani. Mashine yao iko juu, chini ya dirisha refu. Haikuwa ikifanya kazi, lakini Kezia alikuwa ameketi akitunga uzi kwenye sindano moja baada ya nyingine na kuzipanga kwenye kitambaa kwa ajili ya kesho. Niliuliza, kwa kuwa kuuliza ndiyo kazi yangu. Akaniambia bila kupunguza sauti, na Wragg akasikiliza kama anayesomewa habari za mtu mwingine. Vitu vya mbali mumewe anaviona kama mwewe. Vya karibu vinatoweka. Daktari amempa miaka miwili mbele ya mashine. Baada ya hapo hataweza kuuona uzi kabisa.

Kuna nafasi moja. Kamati ya kriketi ya kaunti inatafuta mtu wa kutunza uwanja wake na kuwarushia wanachama mipira ya mazoezi. Nyumba ndogo ipo, na kazi ni ya nje mwaka mzima. Watachagua tarehe 30 Agosti, kwa kuangalia rekodi za msimu huu. Nilijua habari hiyo. Mimi ndiye niliyeichapa.

"Zamani Enos alikosa usingizi Jumapili usiku tu," Kezia akasema. "Siku hizi anaukosa juma zima."

Jumatatu, 7 Juni

Upepo. Ushindi. Gadsby amedaka mipira mitatu, mwenzake Orgill miwili.

Jumatatu, 14 Juni

Siku hii nitaiandika yote.

Walikuja Castrey, timu ya mjini, na karani wao wenyewe, kijana nadhifu wa ofisi ya mwanasheria. Makarani wawili waliketi bega kwa bega. Ollersby walishinda kwa mikimbio kumi na mmoja. Mwisho wa mchezo, kama ilivyo kawaida, makarani walilinganisha vitabu, na jumla zikaafikiana. Yule wa Castrey akanionyesha chake ili ninakili majina yaliyoandikwa vizuri zaidi. Nikasoma: Wragg, wapigaji saba.

Nikatazama daftari la Pell. Wragg: hakuna.

Nilidhani nimekosea mstari. Nikafuata kwa kidole. Kwa Castrey imeandikwa: amedakwa na Gadsby, amerushiwa na Wragg. Kwa Pell: amedakwa na Gadsby. Basi. Hivyo mara saba.

Kijana yule alicheka, si kwa ubaya. Akauliza kama kwa Ollersby mpira huwa unajirusha.

Pell hakukasirika. Alieleza kama anayemweleza mtoto kwa nini milango ina bawaba. Mrushaji akiviangusha vijiti, jina lake huandikwa, maana kazi ni yake peke yake. Mpira ukipaa, kazi yake imekwisha, tena imekwisha vibaya, maana umepigwa. Aliyemtoa mpigaji ni yule mwenye mikono. Hivyo ndivyo alivyoandika baba yake, na aliyemtangulia baba yake, walipokuwa bado wanakata alama kwenye fimbo. Karani wa Castrey akasema desturi hiyo imeachwa kote tangu hajazaliwa. Pell akamjibu kwamba mambo mengi mazuri yaliachwa tangu hajazaliwa.

Nimefungua magazeti yote tangu Mei. Kwa muda wa majuma sita nimeiambia kaunti nzima kwamba Enos Wragg, ambaye hutupa nusu ya mipira yote ya Ollersby, amewatoa watu watatu. Nimeyaona kwa macho yangu na nikanakili kinyume chake, kwa usahihi mkubwa. Miaka ishirini na minane nimejisifu kwamba siongezi neno. Sikuwahi kujiuliza kama hati imepunguza.

Namshukuru kijana wa Castrey. Jina lake ni Philip Sturgess. Alistahili kutajwa gazetini na sikuwa na nafasi.

Jumanne, 15 Juni

Nilikwenda kwa Wragg. Alisimamisha mashine akanisikiliza. Anajua. Ameshajua miaka kumi.

"Yule ni mkwe wangu, Bwana Tansley. Kila Jumapili nakula mezani kwake. Unataka nimege mkate wake halafu nimwambie kalamu yake inadanganya?"

Nilimwambia haidanganyi, inanyamaza tu. Akasema kwa mzee wa miaka sabini na moja tofauti hiyo ni ndogo sana. Akaniomba niliache. Kisha akarudi kuinama, pua yake ikikaribia kugusa uzi.

Jumatatu, 21 Juni

Joto. Ushindi. Sasa naweka daftari langu pembeni ya la Pell. Ameliona, akaendelea kuandika.

Jumatatu, 28 Juni

Joto kali zaidi. Gadsby amezimia, akafufuliwa kwa bia.

Jumatatu, 5 Julai

Radi na mvua. Hakuna mchezo. Wote walikuwa ndani ya baa, nami nikaona hiyo ndiyo nafasi. Wragg hakuwapo, alibaki nyumbani kupumzisha macho.

Nilitumia sheria ya mahakama: kila mpira uliodakwa tangu Mei, aliyeudaka aseme nani alirusha, na shahidi mwingine aseme vivyo hivyo bila kuulizwa mbele yake. Mmoja mmoja niliwaita kwenye meza ya pembeni.

Sikutegemea kumbukumbu zao. Nilikosea. Mtu anaweza kusahau siku aliyooa, lakini mpira alioudaka anao maisha. Orgill, mfumaji asiyesema maneno kumi kwa siku, alinieleza wa tarehe 17 Mei ulikotokea, upepo ulivumia wapi, na kwamba kiatu chake cha kushoto kilikuwa kimefunguka. Clamp alikumbuka wa Hale kwa sababu kidole chake hakijanyooka tangu hapo. Akakiweka mezani kama kielelezo.

Gadsby alikuwa tatizo. Alidai mipira iliyodakwa hata siku ambazo yeye mwenyewe hakuwa uwanjani.

"Huo wa tarehe saba ulikuwa wangu, na alirusha Enos," akasema.

"Huo alidaka Orgill," nikamwambia.

"Nilimwita. Nilisema, Orgill, wako huo. Bila mimi angekuwa bado anatazama kunguru."

Tulipomaliza nilikuwa na mipira thelathini na minane. Mitano niliikataa kwa kukosa shahidi wa pili, na kati yake mitatu ilikuwa ya Gadsby, ambaye alisema kwamba nchi hii imeisha. Ilibaki thelathini na mitatu, yote ya Wragg.

Clamp akauliza nitafanya nini nayo. Nikasema nitachapa sahihisho. Kisha Orgill akasema, "Mzee ataumia." Hilo lilikuwa neno lake la mwisho siku hiyo.

Ijumaa, 9 Julai

Limechapwa. "Gazeti hili lilikosea." Sikumtaja Pell, niliandika kwamba kosa ni la mwandishi, na ndivyo lilivyo. Wragg aliniomba niliache, nami sikuliacha. Kosa lililochapwa na mkono wangu si lake kulisamehe.

Jumatatu, 12 Julai

Siku mbaya. Pell amegeuza kigoda changu na kukisogeza nyuma ya chake. Nilikaa nyuma ya mgongo wake kwa muda wa saa sita. Nilipomsalimu alisema, "Wewe ulisema huongezi maneno," kisha akarudi kwenye daftari lake.

Wragg naye hakunisalimu. Na alipopewa mpira, nikaona jambo lililonitoa jasho. Hakutembea hatua nne. Alikimbia. Alirusha kwa nguvu, chini, moja kwa moja kuelekea vijiti.

Nilichelewa kuelewa, Clamp akanieleza. Mpira ukiviangusha vijiti, jina linaandikwa hata na Pell. Wragg alitaka kujipatia rekodi bila kumgusa mzee. Alikuwa anaacha ufundi wake wote na kufanya asichokiweza, ili mkwe wake asihitaji kubadilika.

Viliangushwa mara mbili. Pell aliandika jina mara mbili, kwa herufi zilizo wima kama kawaida. Wapigaji wa Hale walichukua mikimbio hamsini na miwili kutoka kwake, wakicheka kuelekea mwisho. Gadsby alisimama mahali pake mchana mzima na hakuna mpira uliomjia. Tumeshindwa. Nimeandika "tumeshindwa". Naliacha hivyo hivyo.

Jumamosi, 17 Julai

Barua kutoka kwa Kapteni Fairholme, katibu wa kamati ya kaunti. Ni ya adabu. Kamati inaliheshimu gazeti, lakini haiajiri kwa gazeti. Orodha yangu ni maneno ya watu walioketi baa. Wataipokea ikiwa tu itakuwa na sahihi ya karani wa mchezo.

Nimeisoma mara mbili. Ningekuwa mimi katibu, ningeandika hivyo hivyo.

Jumatatu, 19 Julai

Clamp alimwambia Wragg kwamba akikimbia tena atamtoa kwenye timu. Wragg akarudi kwenye hatua zake nne. Watano. Pell: hakuna.

Jumatatu, 26 Julai

Watatu. Pell: hakuna.

Jumatatu, 2 Agosti

Kezia alikuja hemani mchana, andazi mkononi, mbele ya timu zote mbili.

"Baba, mkono wako unauma?"

Pell akasema mkono wake ni mzima.

"Basi kwa nini jina fupi kama Wragg linakushinda?"

"Desturi haibagui, Kezia. Angekuwa mwanangu wa kumzaa ningeandika hivyo hivyo."

"Najua haibagui. Inawanyima wote sawasawa." Alikata andazi huku akizungumza, vipande vinavyolingana. "Jioni namtungia uzi, baba. Sindano arobaini. Mwanamume ambaye anaweza kukuambia ndege aliye juu ya mnara wa kanisa ni wa aina gani. Siku yoyote ukitaka kuja kuona, mlango haufungwi."

Aliweka kipande mbele ya baba yake, akanipa changu, akaondoka. Mchezaji wa timu ya wageni akaanza kutafuta kofia yake ambayo ilikuwa kichwani. Pell hakula. Lakini alasiri aliandika makosa mawili ya jumla, na karani yule hajawahi kukosea jumla.

Mchana huo Wragg aliwatoa watatu. Watano, watatu, watatu: kumi na mmoja wa ziada ninao mwenyewe, nimewaona.

Jumatatu, 9 Agosti

Mvua, hakuna mchezo. Pell aliniita nyumbani kwake.

Nilimkuta na daftari la zamani wazi mezani, jalada lake limeliwa na panya. Mwaka 1811, Ollersby dhidi ya Castrey. Alinionyesha kwa kidole. Amedakwa na Pell. Amedakwa na Pell. Mara sita. Alikuwa na miaka thelathini. Akasema watu wa Castrey walikuwa wakimnyooshea kidole sokoni miaka kumi baadaye, na sasa mimi nimeandika gazetini kwamba mdakaji ni mtu wa kupokea tu, kama kikapu.

Nilimwambia sikuandika hivyo. Kwa Castrey majina ni mawili kwenye mstari mmoja. La mdakaji linatangulia.

Nami, kwa mazoea tu, bila hila yoyote, nikauliza swali ambalo mwandishi yeyote angeuliza.

"Alirusha nani siku hiyo?"

Alitazama ukurasa muda mrefu, ingawa alijua kama mimi kwamba haukuwa na jibu.

"Noah Birtles," akasema hatimaye. "Seremala. Wote sita alirusha yeye."

Nikauliza yuko wapi. Akasema alifia nyumba ya maskini, mwaka wa baridi kali. Hakuacha mtoto. Nikauliza kama yupo mtu mwingine anayekumbuka kwamba alirusha siku ile. Pell alihesabu kwa midomo wachezaji kumi na mmoja wa timu yake ya siku ile. Hakuna aliyebaki ila yeye.

Kisha akazungumza, si kwangu hasa.

"Nilitaka kusimama karibu. Noah akaja mpaka nilipo, akanishika mabega, akanirudisha nyuma hatua ishirini. Akaweka alama kwa kisigino. 'Hapa, Jabez,' akasema, 'usisogee, mpira utakujia kifuani.' Ukaja kifuani. Mara sita. Sikuinua hata mguu."

Mvua ilikuwa inapiga dirisha. Nilikaa nikiangalia mikono yake. Nimeshuhudia watu wengi wakikiri, wengine kwa mambo yanayonyongesha, na sijaona aliyekiri kwa ukamilifu kuliko huyu.

"Leta karatasi yako," akasema.

Aliipitia mstari kwa mstari kwa muda wa saa nzima. Mmoja aliufuta: siku ile Wragg alikuwa anafungwa bendeji na aliyerusha ni Clamp, nao mashahidi wangu wote wawili walikuwa wamechanganya. Kisha akauliza kwa nini miwili ya Gadsby haipo. Nikasema ilikosa shahidi. Akasema shahidi ni yeye, aliiona, na akairudisha. Wa tatu wa Gadsby akasema ni uongo mtupu. Ikawa thelathini na minne, na kumi na mmoja wangu, jumla arobaini na mitano. Akatia sahihi, na chini yake akaandika cheo chake, Karani.

Nilimuuliza kama atasahihisha madaftari pia. Akasema wino ukishakauka haufutwi. Kilichoandikwa kilivyoandikwa kinaonyesha tulivyokuwa. Sikubishana. Ni jibu ambalo ningependa kulitoa mimi.

Jumatatu, 16 Agosti

Nilimwambia Gadsby kwamba amethibitishwa mara mbili na Pell mwenyewe. Alinyamaza kabisa, jambo ambalo Clamp alisema liwekwe gazetini. Leo asubuhi kulikuwa na mkate wa zabibu kwenye kigoda changu. Kigoda kimegeuzwa, kinatazama uwanja tena, bega kwa bega na cha mzee.

Jumatatu, 23 Agosti

Wragg alinisimamisha nyuma ya hema. Alisema bado anaona nilimkosea, maana aliniomba. Nikakubali kwamba nilimkosea. Alisema pia kwamba Jumapili mkwe wake alimwomba mbele ya Kezia amweleze jinsi anavyochagua mahali pa kumsimamisha kila mtu, na walipanga vijiko mezani mpaka chakula kikapoa. Miaka kumi wamekula pamoja na hawajawahi kuzungumza hivyo.

"Kwa hiyo sijui nikuambie nini," akasema.

Nikamwambia asiniambie kitu. Tukashikana mikono.

Jumatatu, 30 Agosti

Kamati inakutana leo. Ollersby dhidi ya Hale. Wragg alirusha vibaya, Gadsby aliangusha mipira miwili, na Pell ilibidi aulize mara mbili nani yuko uwanjani. Akili ya kila mtu ilikuwa kwenye kamati.

Jumatano, 1 Septemba

Barua ilifika saa nne asubuhi. Kezia aliisoma, kwa kuwa Wragg hakuweza kuona mwandiko. Dyott, mrushaji wa Castrey, ana wapigaji hamsini na wanane, wengi kuliko Wragg. Lakini Kapteni Fairholme ameandika kwamba anaona kwenye orodha jambo ambalo hakuliona kwa mwingine: majina ya wadakaji yanajirudia, Gadsby, Orgill, Gadsby, Clamp, Gadsby, na mtu anayewafanya watu walewale wadake kila juma anajua anachofanya. Nafasi ni ya Wragg. Aje mapema, nyasi za majira ya kupukutika zinamngoja.

Wragg alitoka nje, akasimama barabarani mikono mifukoni, akitazama mbali. Kezia aliziangalia sindano alizokwisha kuzitunga kwa siku ile, akazichomoa nyuzi moja moja. Nilipoona nimekuwa mzigo pale chumbani, nikaondoka.

Nimeripoti mazishi ya maaskofu na mashtaka ya wauaji. Habari hii ya mistari mitatu niliiandika mara nne.

Jumatano, 8 Septemba

Wameondoka na mkokoteni wa mchukuzi. Watu wengi barabarani. Pell hakulia, aliwaeleza njia, ingawa mchukuzi ameipita miaka ishirini.

Jumatatu, 13 Septemba

Mchezo wa mwisho, dhidi ya kijiji kidogo cha Marl. Baridi, jua jembamba. Bila Wragg, Clamp alilazimika kuwapa mpira watu ambao hakuna aliyewahi kuwapa. Mmoja ni fundi viatu aliyehamia hapa mwezi uliopita, mtu mkimya mwenye aproni bado kiunoni. Alirusha mipira mibaya mingi. Mmoja ulikuwa mbaya kuliko yote, wa kupiga kwa macho yaliyofumbwa, na mpigaji wa Marl akafumba macho na kuupiga. Ukapaa. Orgill akarudi nyuma, akarudi tena, akaudaka.

Pell akaandika: amedakwa na Orgill. Kisha kalamu ikasimama. Nilidhani ameishiwa wino.

Akainuka, akatoka hemani, akainua mkono. Mwamuzi akasimamisha mchezo, jambo ambalo halijawahi kutokea kwa ajili ya karani. Mzee alivuka nyasi polepole, mpaka katikati, wachezaji wote wakimtazama, akasimama mbele ya fundi viatu, ambaye alivua kofia akidhani amevunja sheria fulani.

"Samahani, ndugu," Pell akasema. "Jina lako kamili?"

Fundi viatu akasema anaitwa Lemuel Ashdown.

Pell akamwomba alitamke tena, herufi kwa herufi. Kisha akarudi hemani, akaketi, akaliandika. Lilikuwa refu, na nafasi kwenye mstari ilikuwa ndogo, kwa kuwa daftari lilichorwa kwa jina moja. Aliliminya mpaka likaingia.

Nikanakili yote mawili.